Doa Lisilouma Limemtoa Mke Wangu Nyumbani

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani kwamba kila kinachotokea kwenye uume ni ushahidi wa zinaa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita, nalima mahindi Mazingara, Handeni. Admin, jina langu libaki kwako.

Mwaka jana niliona doa jekundu kwenye kichwa cha uume, laini, linang'aa kama limelowa. Haliumi wala haliwashi. Duka la dawa nilipewa dawa ya fangasi, halikuondoka. Zahanati niliona aibu, nikasema nina shida ya mkojo; nikatibiwa mkojo.

Mke wangu aliliona nilipotoka kuoga. Akauliza taratibu, "Baba Mwanaidi, na mvi zote hizo, umelitoa wapi?"

"Sijui."

"Mwalimu gani hajui?"

Asubuhi akaita bodaboda impeleke kwenye gari la Korogwe, aende kwa kaka yake. Sikumzuia. Nilitazama vumbi likitulia, sikuhisi kitu. Mpaka leo sihisi.

Nikaenda hospitali. Daktari, binti wa rika la mwanangu, akaniamkia na kuuliza shida.

"Mkojo."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Unatoka vizuri?"

"Vizuri."

"Sasa baba, umekuja kunisalimia?"

Nikavua.

Alikata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipokuja alinieleza, nami nawaeleza nilivyoelewa. Chembe za ngozi zimeanza kubadilika vibaya. Si saratani bado, ila zikiachwa zinaweza kuwa saratani. Tiba ipo: dawa maalumu ya kupaka kwa wiki kadhaa, au kuiondoa ngozi ile, kisha kurudi kuangaliwa kila unapopangiwa, kwa sababu doa linaweza kuota tena. Madoa mengine hayahusiani na kujamiiana kabisa. Mengine huletwa na kirusi cha kujamiiana, ambacho huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Langu linaonekana ni la kirusi, hivyo mke wangu naye apimwe mlango wa kizazi.

Dawa nimeanza kupaka. Nilipokwama ni hapo kwa mke wangu. Tangu nimuoe sijatoka nje ya ndoa. Kabla yake nilikuwa kijana kama vijana wengine. Nilimpigia shemeji yangu huko Korogwe, anitetee kwa dada yake.

"Shemeji," akasema, "ungevunjika mguu ningekutetea. Hili nitalitetea kwa maneno gani?"

Nyuma yake nikamsikia mke wangu: "Mwambie ampigie aliyempa."

Nikimwambia akapime, atasema nimekiri. Nikinyamaza, huenda naye ana kitu kinachokua bila kumuuma, na mwenye kujua ni mimi peke yangu.

Nishaurini, hasa akina mama: mwanamke aliyekwisha kuhukumu huambiwaje aende kupima, naye akaenda? Nawasubiri. Nanyi wanaume mnaosoma, leo mkioga, jitazameni.