Kichuguu cha Léocadie

Mwaka wa endepandansi, tulipopata uhuru, kartiye yetu, mtaa huu wa leo, ilikuwa majani tu, mwisho wa Uvira, chini ya mlima. Wabelgiji walikuwa wamechora njia kwa kamba, wakaenda zao. Tukashuka sisi, wa Lubarika, wa Nyakabere, wa Bijombo, tukajenga. Jirani hakujua jina la jirani.

Mke wangu Léocadie alichagua kiwanja chenye kichuguu, nacho kilikaa katikati ya njia. Rémy, shefu wa avenyi, mkubwa wa njia hiyo, akaja na jembe.

"Mama, hiki tunabomoa. Avenyi lazima inyooke."

"Baba Rémy, ngoja mvua moja. Minye hapa sina ndugu. Ukibomoa, nani atakanyaga kwangu?"

Mvua ikanyesha, ikakatika. Léocadie akafunika kichuguu kwa majani ya migomba, akashika vijiti viwili, akapiga chini: ta-ta-ta-ta. Kumbikumbi wakadhani ni matone, wakatoka. Kartiye nzima ikafika na mabeseni. Rémy alikuwa na bawa kwenye sharubu.

"Njia itapinda," akasema, anatafuna.

Ndivyo tulivyojuana.

Mwaka wa makumi sita na ine, uasi ukafika. Asubuhi tukasikia ta-ta-ta-ta. Jirani yetu Consolate akaja mbio na beseni, watu nyuma yake.

"Weye Léocadie, unaanza bila sisi?"

"Mikono yangu iko hapa, mulafi weye! Zile ni bunduki!"

Tukakimbilia mlimani na mabeseni kichwani, tunalia, tunacheka.

Vita vilipopoa tulirudi sisi wawili tu, mimi na Léocadie. Majani yalikuwa yamemeza nyumba. Wenzetu walibaki juu, wamejificha mashambani mwa mihogo. Askari waliwaita, nani angeitika? Léocadie alitazama milango mitupu.

"Kartiye bila watu siiwezi," akasema.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Akaokota vijiti. Ta-ta-ta-ta.

Halafu mihogo ikatikisika, sauti ya Consolate ikashuka:

"Léocadie! Ni kumbikumbi ao ni masasi ya bunduki?"

"Kama ni masasi, basi yako na mabawa! Leta beseni!"

Wakashuka, nguo zimechanika, mabeseni kichwani. Rémy wa mwisho, amekonda, anapiga kelele: "Musimalize! Musimalize!"

Léocadie ametangulia kaburini mwaka huu. Njia ingali inapinda. Jana mvua ilikatika, nikashika vijiti vyake. Napiga vibaya. Consolate alinicheka mpaka akakaa chini.

Lakini walikuja wote.