Darasa la Makofi

Kofi likipigwa ndani ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi halitoi mwangwi. Hutoa mlio mfupi, mkavu, kisha kimya, na katika kimya hicho unasikia kuku wakiparua nje. Huo ndio mlio wa dini yangu ya kwanza. Kikanisa chetu kilikuwa kando ya njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, kimejengwa kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, na siku za kazi kiligeuka kuwa darasa la wakatekumeni, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Tulikaa juu ya magogo, wazee kwa watoto, huku harufu ya jasho na ya udongo mbichi ikitujaa puani. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa msichana wa miaka kama kumi. Tangu Noeli hadi Pasaka ya mwaka ule tulijifunza kitu kimoja tu: mahubiri ambayo Yesu aliyatoa mlimani.

Mwalimu wetu aliitwa Bonifasi. Alikuwa mtu mwembamba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kitabu pekee kilichokuwapo kijijini kilikuwa chake. Alisoma mstari, nasi tukaurudia mpaka midomo ikakauka. Kisha akauliza. Alianza na yeyote aliyempenda, na swali likashuka mtu kwa mtu. Asiyejua alisimama. Aliyejua alijibu, kisha akarudi kuwazaba kofi la shavu wote waliosimama, mmoja baada ya mwingine. Aliyepiga kwa huruma alipigwa na Mwalimu mwenyewe, ili aone kofi hasa likoje. Nadhani hakuona ubaya wowote, maana naye alifundishwa hivyohivyo, na alikuwa akijivunia kwamba wanafunzi wake hawakusahau. Ni kweli, hatukusahau. Mambo ya wenye heri, chumvi ya dunia, boriti iliyo ndani ya jicho, nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, yote tuliyameza hivyo, mashavu yakiwaka moto.

Kwa watu wetu lilikuwa jambo zito kupita maumivu yake. Mtoto hamwinulii mkono mtu mzima, na mwanamume hamtazami hata usoni mama mkwe wake, sembuse kumgusa. Lakini Mwalimu alisema, "Humu hakuna mama, hakuna mukwe. Iko wanafunzi tu." Mzee mmoja, aliyejikuta darasa moja na mama mkwe wake, alijibu swali vizuri kabisa, akageuka, akaona ni nani aliyesimama, akatoka mbio hadi kwenye majani marefu na hakurudi tena darasani. Tulicheka hadi tukajishika mbavu. Wengine walifika wakiwa wamekwisha kupigwa tayari, kwa kuwa ulikuwa msimu wa palizi ya pamba, na mwenye magugu shambani alilazwa chini mbele ya watu akachapwa viboko na askari wa chifu. Baba Kalume, jirani yetu, alisikiliza habari za wenye upole akiwa amesimama juma zima, kwa sababu matako yake hayakuweza kugusa gogo. Mwalimu alimhesabu miongoni mwa waliokosa.

Mama yangu alikuwa darasani humo, ameketi mwisho wa safu ya wanawake, mdogo wangu wa kiume mgongoni. Baba alibatizwa tangu utoto na alikuwa seremala wa misioni. Padri, Mzungu aliyetupitia kwa pikipiki kila baada ya miezi mitatu, alimwambia kwamba kazi hiyo haimfai mtu asiyefunga ndoa kanisani, na Mama, mtu wa upande wa Lusangi, huko Kabambare, alikuwa bado mpagani. Wajomba na baba wadogo walikaa wakazungumza, nasi watoto tukasikia. Kama jina la Mama lisingekuwa kwenye orodha ya Pasaka, angerudishwa kwao, na Baba angeoa msichana aliyelelewa na masista, ambaye alikwisha kupatikana. Mimi ningebaki kwa Baba. Orodha iliandikwa na Mwalimu. Kwa hiyo kila asubuhi niliketi nikiomba Mama ajue jibu, na kila asubuhi swali lilipomfikia alisimama kimya, akapigwa na yeyote aliyejibu, mara nyingine mvulana wa miaka minane.

Mimi sikukosa kamwe. Nilikuwa wa kwanza wa darasa, na nilijisikia kweli. Mpaka siku ile nilikuwa sijampiga Mama, kwa kuwa nilikaa mwanzo wa safu, na swali lililonipata mimi halikufika kwake. Lakini Ijumaa moja, Pasaka ikiwa imekaribia, Mwalimu alianza upande wa pili. Aliuliza Yesu alifundisha nini juu ya mtu anayekupiga shavuni. Baba Kalume alikosa. Akakosa Bibi Bitondo, mkunga wetu, mzee wa kutembea na fimbo. Kisha likamfikia Mama. Alimtazama Mwalimu, akawatazama wale wawili waliosimama, akafunga mdomo. Wakakosa na wengine kati yetu, swali likateremka hadi kwangu. Nilijibu kwa sauti, neno kwa neno: umgeuzie na shavu la pili. Mwalimu akasema, "Njo vile," yaani ndivyo. "Sasa piga."

Niliwapiga Baba Kalume, Bibi Bitondo na wale wengine kama nilivyozoea. Mama nilimpiga kwa mkono wote, kuanzia begani. Kofi lilitua sikioni. Aliyumba, akaanguka ubavu juu ya gogo, akamkinga mtoto wa mgongoni kwa kiwiko, na aliponyanyuka uzi mwembamba wa damu ulikuwa ukimshuka shingoni. Kitambaa changu cha kichwani kilikuwa kimefunguka kwa nguvu za kile kipigo. Mama akanisogelea, akanifunga upya, akaingiza ncha ndani ili kisifunguke tena, akaketi. Mwalimu alinisifu mbele ya wote.

Jioni ile nilimfuata mtoni alikokuwa akitoa mihogo iliyolowekwa. Alikuwa ameziba sikio kwa pamba, pamba ileile iliyowachapisha watu viboko. Hakunisikia nikija. Alikuwa akimbembeleza mtoto kwa mahubiri ya mlimani, yote, kwa mpangilio wake, bila kukosa neno, na penye neno gumu akilieleza kwa Kibangubangu cha kwao. Nilisimama miguu ikiwa majini, nikamkatiza kwa hasira.

"Mama, unajua?"

"Najua tangu mwezi wa kwanza."

"Sasa juu ya nini unanyamaza? Unataka wakurudishe kwenu?"

Aliikamua mihogo mpaka maji yakakoma kutiririka. "Bibi Bitondo njo alikupokea siku ulizaliwa. Nimupige na mukono gani? Na Baba Kalume, na vile vidonda yake?"

"Ungepiga polepole tu."

"Yesu hakusema tupige polepole," alijibu, akanitwisha beseni.

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilikimbia kwa Mwalimu kumweleza kwamba Mama anajua kila kitu. Nilidhani nimemwokoa. Mwalimu alifurahi kwa dhati, sitamnyima hilo. Akasema, "Basi kesho aseme mbele ya watu. Nitaandika jina yake." Jumamosi akamsimamisha Mama, akawauliza wengine kwanza, wakakosa watu sita, Bibi Bitondo akiwa wa mwisho. Mama akasema mahubiri yote. Sijapata kuyasikia tena yakisemwa vile, taratibu, kama mtu anayewaelekeza wageni njia. Watu waliacha hata kukohoa. Alipomaliza Mwalimu alishika kalamu. "Vizuri, mama. Sasa piga hawa, niandike."

"Nimesema, Mwalimu. Kupiga, apana."

Alimwambia mara tatu. Mara ya nne alimpiga yeye, kwa fimbo, mabegani na mikononi, mpaka fimbo ikakatika, akatafuta nyingine. Mtoto wa mgongoni alipiga kelele mpaka Bibi Bitondo akamvua Mama ule mzigo katikati ya mapigo, na yeye akapata lake. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Sikunyanyuka. Nilikuwa nikimkasirikia Mama kwa kukataa kitu kidogo namna ile, nami nilikuwa nikilia. Jina lake halikuandikwa.

Padri alifika Jumatano. Alitusaili mmoja mmoja, kwa sauti ya upole, na aliponifikia aliniuliza kama nina lolote la kumwambia. Nikamjibu kwamba sina. Niliogopa gauni jeupe nililoshonewa lisije likapewa mwingine. Nilibatizwa siku ya Pasaka, na Jumatatu Mama alishika njia ya Kabambare kwa miguu, mtoto mgongoni, mkeka kichwani, uso umevimba bado. Nilimsindikiza mpaka kijito cha pili. Nilipomwita kwa nyuma hakugeuka, na miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba sikio lile lilikuwa halisikii tena.

Leo mimi mwenyewe ni mzee. Nimefundisha dini kwa miaka mingi hapa Kasongo, na watoto wa siku hizi hujifunza mahubiri yale kwa nyimbo na kwa picha za rangi. Wakikosa, hucheka, kisha hujaribu tena. Hakuna anayempiga mtu kanisani. Vita vimepita katika njia ileile ya Kabambare zaidi ya mara moja, vikaua watu wengi kuliko fimbo zote za enzi ile, kwa hiyo sitasema kwamba dunia imekuwa njema. Nasema tu kwamba darasa limekuwa jema. Mama alifia kwao bila ubatizo, akazikwa mbali na makaburi ya Wakristo, nami sikuwapo.

Mwaka jana nilimsimulia haya yote padri wetu wa sasa, kijana wa hapahapa, mwenye subira. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanifariji. Akasema nisihangaike, Mama alikuwa Mkristo kutupita sisi sote, na Mungu anamjua. Nikamwambia hilo nalijua tangu jioni ile ya mtoni, wala sikuja kuuliza habari za Mama. Nilikuja kuungama. Mwalimu hakunilazimisha kumpiga Mama kwa nguvu vile. Kofi la kawaida lingemtosha. Nilimpiga kwa nguvu kwa sababu nilitaka kumpiga.