Viatu vya Saa Nne Asubuhi

Redio ndiye aliyeanza kusema kwamba fundi viatu anatafuta mke kwenye simu.

Aliyasema hayo kwenye kamba ya nguo, kibanio mdomoni, na bado kila neno likatoka limenyooka. Alikuwa na jina lake kama watu wengine, lakini tangu apange chumba cha mbele, kile kinachotazama lango, ua mzima ulimwita Redio, naye akaitika bila kinyongo.

"Mimi sitii chumvi, Mama Chiriku. Ikifika saa moja jioni anaweka nyundo chini. Anachana nywele. Nywele zenyewe ziko wapi? Anachana kumbukumbu. Kisha anavaa shati la mikono mirefu, anaisimamisha simu kwenye kopo la gundi, anaanza kuinong'oneza. Kila siku, saa ileile. Mwanaume anayejipamba mbele ya simu anatafuta nini kama si mke?"

"Huenda ni biashara," alisema Mama Chiriku, akinyoosha kigauni cha mtoto kwenye kamba.

"Biashara gani? Mezani kaweka kiatu kimoja kirefu, kimoja kifupi. Ndiyo zawadi ya mchumba hiyo? Basi anamtafuta aliyesimama mguu mmoja mtaroni."

Hapo macho ya Redio yakamwangukia Chiriku mwenyewe, aliyekuwa akimfukuza kuku kando ya ukuta, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka. Redio akakatika mawimbi. Akakitoa kibanio mdomoni, akakitazama kama hajawahi kukiona, akasema jua la leo litakausha nguo mapema.

Mama Chiriku alicheka kidogo, kicheko cha kumtoa mwenzake aibuni, akabeba beseni na mtoto, akaingia ndani. Hakusema alichokijua. Vile viatu vya mezani alikuwa anavijua kimoja kimoja: vya kahawia vyenye mikanda, vyeusi vya shule, na vile vyekundu vidogo ambavyo alivitazama mpaka akawa anaviota.

Chiriku alikuwa anakaribia miaka miwili. Walimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi na hakunyamaza mpaka usingizi umkatize. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, tofauti ya vidole viwili vya mtu mzima. Alitembea kama mtu anayevuka kizingiti kila hatua. Kliniki walimpima, wakamwambia mama yake asiogope: mtoto haumwi, ila anahitaji kiatu chenye soli iliyoinuliwa upande mmoja, na kibadilishwe kila anapokua, mgongo usije ukapinda.

Alikirudisha nyumbani kile alichoambiwa, akakieleza chote. Mama mkwe wake akasema, "Utajinyoosha wenyewe. Siku hizi mnapima watoto kama mbao." Mumewe, fundi wa vigae, alikuwa amechoka siku ile, akasema "sawa," na haikujulikana sawa ni ya nani. Maneno yakaishia hapo. Mama Chiriku akaanza kumshonea binti yake magauni marefu.

Ndipo siku moja alipokutana na Fundi kwenye simu. Kibanda chake kilikuwa nje tu ya lango, amekipita siku zote, lakini hakuwahi kujua kinatengenezwa nini ndani. Zamani Fundi alishona viatu vya wanaume, mpaka mteja mmoja akamletea kiatu cha mtoto na kumuuliza kama soli inaweza kuongezwa upande mmoja. Alikaa na kiatu kile, akakigeuzageuza, na tangu hapo ni kama alisahau kushona kingine. Shida ikawa wateja. Wenye watoto wa namna ile hawakumjua, na yeye hakuwajua. Binti wa dada yake, anayefanya kazi kwenye ofisi ya matangazo, akamfungulia ukurasa na kumfundisha: posti jioni, Mjomba, watu wakishatoka kazini, hapo kila mtu ana simu mkononi.

Hakumdanganya. Jioni kila mtu ana simu mkononi. Ila nyumbani kwa Mama Chiriku, mkono ulioshika simu yake jioni haukuwa wake. Simu ya mumewe ilikuwa na kioo kilichopasuka, kwa hiyo mpira aliutazama kwenye ya mkewe. Mpira ukiisha, mama mkwe aliipokea, maana alipenda sana video za paka wanaoanguka kutoka kwenye makabati. Jioni moja, baada ya paka mmoja kuanguka, kikaja kibanda cha Fundi, na Fundi mwenyewe na shati lake la mikono mirefu.

"Viatu vya vilema," alisema mama mkwe, si kwa ubaya, kama mtu anayesoma bango, akasukuma kidole juu, paka mwingine akaja.

Mama Chiriku alinyanyuka akaenda kuosha sahani zilizokwisha oshwa.

Yeye alivitazama viatu asubuhi. Mume ameenda kazini, mama mkwe ameenda kukaa kwa rafiki yake wa ng'ambo ya barabara, nguo zimeanikwa, Chiriku amelala usingizi wa kwanza, na jikoni hakujawa na la kuungua. Saa nne, hivi. Hapo simu ilikuwa yake. Aliketi kwenye mkeka, sauti ameizima mtoto asiamke, akatazama video ya jana na ya juzi. Hakuacha alama ya moyo wala neno. Angeacha, jina lake lingeonekana pale chini, na Redio alikuwa hodari wa kusoma majina ya chini.

Huenda mambo yangeendelea hivyo, lakini Redio alileta habari ya pili.

"Mke hajapatikana. Fundi anahama. Kiwanda cha kandambili kimemwita akakate soli, mwisho wa mwezi anaondoka. Ameanza hata kuuza zile kalibu zake, zile nyayo za mbao."

Mama Chiriku alikuwa anasuuza. Mikono yake ikabaki ndani ya maji.

Kesho yake asubuhi alimbeba Chiriku mgongoni, akatoka langoni kama anayekwenda dukani, na badala ya kushika barabara akakunja kibandani. Mlikuwa na harufu ya gundi na ngozi. Kalibu zilining'inia ukutani kwa kamba, kubwa kwa ndogo, kama familia iliyovua miguu ikaenda kulala. Nyingine zilikuwa zimeshushwa kwenye boksi sakafuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Karibu. Kama ni kisigino, leo. Kama ni kiatu kipya, umechelewa, nafunga."

"Kwa nini unafunga?"

"Mwanangu, mtu hapigi hodi kwenye nyumba isiyo na watu mwaka mzima." Akaionyesha simu kwa kidole chenye nta. "Nimejichana, nimevaa, nimeongea mpaka koo likauka. Hata moyo mmoja sijapata, isipokuwa wa binti wa dada yangu. Na huyo ni ndugu, hana budi. Inaelekea hapa hakuna mtoto mwenye mguu huu. Nishukuru basi. Nikakate kandambili."

Mama Chiriku alimfungua mtoto mgongoni, akamsimamisha sakafuni. Chiriku akaenda moja kwa moja kwenye vile viatu vyekundu, akipanda na kushuka, akaanza kuviuliza habari zao.

Fundi alisukuma boksi kando. Alichuchumaa, akamtazama anavyotembea kwa jicho lile la kupima, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Video zako nimeziona zote," alisema Mama Chiriku. "Ile ya mikanda, ulisahau kufunga dirisha, mbuzi akaingia."

"Umeziona? Mbona hukuniachia hata kamoyo, mama? Mtu anayezama unamnyima hata kamba?"

"Ningeuacha, jina lingeonekana. Na jioni simu si yangu, Fundi. Ni ya mpira na paka. Nani atafungua viatu hivi mbele ya mkwe, chumba kizima kinatazama? Mimi nakutazama saa nne asubuhi, mtoto amelala. Na siwezi kuwa peke yangu."

Fundi akakuna pale ambapo nywele zilikuwa. "Saa nne nakuwa nakata ngozi. Nina kucha nyeusi na aproni."

"Acha aproni. Sura tunaijua. Tuonyeshe mikono na kiatu. Na usinong'one, maana sauti tunazima. Andika maneno mawili chini, inatosha."

"Yaani nywele nilichana bure?"

"Redio ilifurahi," alisema Mama Chiriku, na Fundi, aliyejua vizuri ni redio gani, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Akampima Chiriku siku ileile. Kiatu alisema atakishona hata kama kitakuwa cha mwisho.

Kesho yake saa nne akaposti mikono yake ikiinua soli. Akaiketia simu kama kuku na yai. Moyo haukuja. Kesho yake tena, moyo haukuja. Mama Chiriku alipopita kuulizia kiatu alimkuta amekunja uso.

"Walioona wameongezeka, lakini wanapita kama upepo. Hawasemi kitu."

"Na mimi nilikuwa sisemi kitu," alimkumbusha. "Subiri kidogo. Na Jumamosi usiposti, waume wako nyumbani."

Ujumbe wa kwanza ulikuja kwa mlango wa nyuma, kule ambako anayesoma ni Fundi peke yake. *Habari za kazi. Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu, ana mtoto.* Wa pili nao ulikuwa kwa niaba ya rafiki. Wa tatu kwa niaba ya jirani. Mmoja hakuandika kitu, alituma picha ya miguu miwili midogo juu ya mkeka, na baada ya muda akaongeza: *inawezekana?*

"Mji huu una marafiki wema," alisema Fundi, akimwonyesha. "Kila mmoja anahangaikia mtoto wa mwenzake. Mwenye mtoto hata mmoja sijamwona."

Mama Chiriku aliisoma ile picha ya mkeka muda mrefu. Mkeka ulikuwa wa rangi tofauti na wake, lakini umechakaa palepale, pale mtu anapoketi na mtoto.

Viatu vyekundu vilikuwa tayari katikati ya juma. Aliviingiza ndani chini ya kanga, kisha akaona ujinga wa kuficha kitu ambacho kazi yake ni kutembea. Akamvalisha Chiriku gauni fupi. Mtoto akasimama, akatazama chini, akatazama juu, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Chiriku kunyamaza akiwa macho. Halafu akaenda mpaka mlangoni na kurudi bila kuvuka kizingiti chochote, na maneno yakamrudia yote kwa pamoja.

Jioni mumewe alipoingia, mtoto alimpokea kwa mbio. Yule baba akabaki na mfuko wake wa vifaa begani. Kazi yake ilikuwa kusawazisha sakafu, na jicho lake halikuhitaji kuelezwa. Alipiga goti, akaigusa soli ile nene, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake.

"Upande mmoja ukizama, unaujazia," alisema taratibu. "Ndiyo hivyo hivyo tu? Mbona hukuniambia, Mama Chiriku?"

Alikuwa amemwambia. Hakumkumbusha. Alimpokea mfuko.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, simu mapajani, paka kasimama juu ya kabati anasubiri kuanguka. Alimtazama mjukuu akienda na kurudi, akienda na kurudi. Mama Chiriku alisubiri maneno. Yalipokuja yalikuwa haya:

"Huo mkanda wa kushoto umelegea, ataanguka." Akaiweka simu chini, akashuka kwenye kiti kwa magoti yake yanayolalamika, akaukaza mwenyewe. Alichelewa kuinuka. Aliinuka akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Vya bluu havikuwepo?"

Asubuhi iliyofuata Mama Chiriku alikwenda kibandani kumwambia Fundi kwamba vimekaa vizuri, havibani popote. Safari hii hakutoka langoni kama anayekwenda dukani. Alipita mbele ya dirisha la Redio mchana kweupe, na Redio akatoa kichwa akasema, "Vimempendeza. Mimi nilijua tu si mambo ya mke."

Kibandani, zile kalibu zilizokuwa sakafuni kwenye boksi zilikuwa zimerudi ukutani. Fundi alikuwa anakata ngozi ya bluu kwa ajili ya rafiki wa mtu fulani.

"Wa kandambili nimewaambia wasinihesabu," alisema bila kuinua macho. "Lakini kaa kidogo, mama. Nina ombi, na ukikataa hatutagombana, hata viatu vijavyo nitashona."

Akaketi. Chiriku akaenda kuzisalimu kalibu.

"Hawa mama zangu wa saa nne wanauliza kitu kimoja. Kiatu wameshakiona mezani mpaka wamekichoka. Wanataka kuona mtoto anatembea nacho. Wanataka kuona kwamba inawezekana." Akaweka kisu chini. "Naomba Chiriku atembee mbele ya simu yangu. Miguu tu, sura sitaigusa. Kutoka pale mlangoni mpaka hapa. Na saa ya kuposti sitachagua mimi, wala binti wa dada yangu. Nichagulie wewe. Ukisema asubuhi, nitaweka asubuhi. Na ukisema jioni, wote mkiwa mmekaa, nitaweka jioni."