Usiisugue Hela ya Baba Yako

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule mvua zilipokatika. Nilikuwa na miaka kumi na moja, baba kafariki, na shida ndiyo kwanza imeingia kwetu Kigwa. Mama alikuwa amenipandisha treni hadi Tabora mjini, akaniacha kwa Fundi Sudi, sonara. Shule niliiachia darasa la pili, na sijutii. Kazi yangu ilikuwa kusugua vyombo kwa majivu na ndimu mpaka ving'ae.

Siku hiyo mwanamke mmoja alileta kidani cha marehemu mama yake, kimetungwa kwa rupia za zamani, kipete kimoja cha kuziunganisha kimekatika. Nikakiona cheusi, nikachukua ndimu. Fundi akanidaka mkono.

"We! Nani kakutuma?"

"Ni kichafu, fundi."

"Kaleta kipete kiungwe. Jasho la mama yake hajalileta lioshwe. Hiyo ndimu kalie mchicha!"

Mpaka leo nikifumba macho naisikia nyundo yake ndogo ikigonga polepole, moshi wa mkaa unapanda, na zile rupia zimelala kivulini kama watu waliochoka na safari.

Basi, mwanangu, juzijuzi mjukuu wangu Zuhura alinijia na hela ya Mjerumani, sarafu ya enzi zake. Marehemu baba yake, Ramadhani, kijana wangu wa kwanza, aliichimbua shambani kwetu, pale ilipopita njia ya misafara. Alikuwa akiapa kwamba imetengenezwa hapahapa Tabora, wakati Mjerumani anapigana na Mwingereza. Kijiweni wakamcheka: "Rama, hiyo umechongesha gereji!" Akafa bado wanamcheka. Zuhura alitaka jambo moja tu: iende kwa wapimaji wa sarafu huko ng'ambo, wale wanaoikagua, wakaipa alama na kuifungia kwenye kiboksi cha plastiki, ili neno la baba yake lisimame.

Nikamkuta uani ameshika ndimu na dawa ya meno.

"Naiogesha, babu. Isifike kwa wazungu imechoka."

"Weka chini! Kwani wanatafuta bibi harusi?"

Nikamweleza. Ukiisugua unaichuna ngozi. Mpimaji ataiona mikwaruzo kwa kioo chake, ataandika imesafishwa, na alama hatoi. Wakala wa Dar aliyetusafirishia alisema hivyohivyo; nikamwambia hayo nimeyajua yeye hajazaliwa.

Kabla haijaondoka niliiweka kiganjani. Ilikuwa na rangi ya asali iliyokaa sana mtungini. Nikaona kama vumbi linatimka mbele yangu, wapagazi wanapita na mizigo kichwani, wanaimba kwa sauti za chini, wala hawageuki kunitazama. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Chai ilipoa.

Miezi ikapita, kiboksi kikarudi. Zuhura akasoma kwa sauti.

"Halisi. Tabora. Alama thelathini kati ya sabini. Babu, imefeli!"

"Mimi hesabu nilipata nne, na nyumba nimejenga."

Akacheka huku analia. Jioni akaipeleka kijiweni. Wazee wale waliomcheka wakapokezana kiboksi, mpaka mmoja wao akasema, "Rama, tusamehe," kana kwamba marehemu amekaa nao pale kwenye benchi.

Mwanangu, kitu ulichoachiwa usikimbilie kukifanya kipya. Kishike ukingoni, kitie kwenye kifuko safi, uliza wanaojua, kisha kipeleke kama kilivyo. Alama ikiwa ndogo, usione haya. Uliyemtetea ndiye mwenye thamani.

Mimi leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe sita, mizinga ya nyuki porini na kibanda changu cha usonara mjini. Sikurithi hata kimoja. Mungu akupe riziki ya halali na umri mrefu, na siku utakapokuwa hupo, akuachie mtu wa kulisimamia neno lako. Amina.