Tope Letu na Mtani Wangu wa Pwani

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga na buti za mpira zilizonizidi miguu. Afisa Mazingira, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, alitupeleka ukingoni mwa mto Mbwemkuru akaniambia, "Mama, wewe utalinda vigingi." Kigingi ni mti unaochomekwa kuonyesha mwisho wa shamba. Kutoka hapo hadi majini halimi mtu. Matete na miti vinabaki kushika udongo.

"Na atakayelima?"

"Ndiyo maana tumekuchagua wewe. Tumeambiwa una mdomo."

Nilizaliwa Nachingwea, nikaolewa Ruangwa, shule niliishia darasa la tatu. Mdomo ninao.

Kamati ilikuwa ya pamoja, sisi wa juu na wenzetu wa pwani, mto unakoingia baharini. Udongo ukimomonyoka kwetu unafika kwao tope, unafukia mizizi ya mikoko. Mikoko ikifa, kaa na kamba hawana pa kuzalia. Hayo alinifundisha Somoe, mjumbe wa pwani. Kabila lake na sisi Wamwera ni watani, basi kikao hakianzi hajanichokoza.

"Nyie washamba mnatunywesha maji mliyonawia miguu."

"Kunywa, bibi. Yana ladha kuliko mchuzi wako."

Mume wangu alipofariki, Somoe alikuja msibani, akavaa kofia ya marehemu, akazunguka uani akidai ugali kwa kuigiza sauti yake. "Hajafa huyu, kaukimbia mdomo wa mkewe." Nikacheka na machozi yananitoka. Mtani kazi yake hiyo.

Kisha ufuta ukapanda bei. Kila msimu vigingi vilisogezwa majini, nami navirudisha. Mwenyekiti mpya wa kamati akaniambia, "Bibi, watu wanataka kula. Pwani ni mbali." Siku moja nikakuta matete yamechomwa hadi ukingoni mwa maji. Shamba la Athumani, mwanangu wa kumzaa. Nikampeleka kwenye kamati.

"Mama, unanishtaki kwa ajili ya kaa?"

Wajumbe wakacheka, kesi ikaishia hapo. Masika yaliyofuata ukingo ukaporomoka na ufuta wake, na kingo za wenzake vilevile. Tope lote likateremka.

Kamati ikaenda pwani kutazama. Mikoko ilikuwa imesimama mikavu, kama kuni zilizochomekwa kwenye uji. Somoe alikaa juu ya ndoo tupu ya kaa. Nilisubiri matusi yangu. Hayakuja, nikaanza mimi: "Mtani, umenuna kama umemeza kaa mzima."

Akainuka, akanishika mkono. "Karibu, dada. Poleni na safari."

Sasa nimestaafu, buti nimemwachia anayezitaka. Ninyi mtakaoshika vigingi, mjue mtani hukutania hata mbele ya maiti. Mimi Somoe aliniita dada, na mpaka leo hajanitukana tena.