Vyura wa Elinipa na mguu wa Sifael

Umande haujakauka kijijini Kikwe, na Elinipa Kaaya amesimama kwenye mfereji wa migomba, maji yakimfika magotini. Anainama, anapeleka mkono chini ya majani, anautoa na chura.

"Huu ute wa ngozi yake ndio wanaoutaka," anasema, akimtia kwenye ndoo.

Kazi yake ni kuwakamatia vyura watafiti wa mjini Arusha. Wakishawakamua ute, yeye huwarudisha mferejini. Malipo huishia kwenye bandeji za mumewe, Sifael.

Sifael alijikata mguu kwa panga akipogoa migomba. Elinipa akafanya wanachofanya wengi huku: alinunua rangi mbili, ile antibayotiki ya vidonge vya unga, akavifungua na kuunyunyiza unga kwenye kidonda. Kikikauka anaacha, kikitoa maji anarudia. Unga huohuo aliwatilia kuku kwenye maji. Hakuna aliyemkanya, hata muuza duka la dawa aliyemuuzia.

Kidonda kilichimba hadi kwenye mfupa. Hospitali ilikuta vijidudu sugu, na kila dawa waliyojaribu ilishindwa. Alhamisi hii Sifael anakatwa mguu.

"Mimi ndiye niliyewazoesha wale wadudu dawa," ananiambia Elinipa.

Mtafiti Shamina anaeleza kuwa ute wa chura una protini ndogondogo za kinga, ambazo hata mwili wa binadamu huzitengeneza. Hutoboa ukuta wa kijidudu, kikafa.

"Maabarani zinaua hata vilivyo sugu," anasema. "Lakini zinaweza kuunguza na nyama ya mgonjwa. Kuwa dawa, bado sana."

Elinipa alimsihi ampake Sifael ute huo. Shamina alikataa. Basi juzi mchana, Sifael akionekana amelala uani, mkewe alifungua bandeji, akamshika chura juu ya kidonda.

"Mkono ukagoma," anasema. "Mara ya kwanza nilimwekea dawa bila kuuliza mtu. Nikamrudisha chura kwenye ndoo."

Sifael, aliyekaa pembeni yetu ukingoni mwa mfereji, anamgeukia mkewe na kucheka bila furaha. "Sikuwa nimelala, Mama Anna. Nilikuwa naomba Mungu uniwekee huyo chura."

Elinipa anamtazama, kisha anautazama ule mguu. Machozi yanamtoka waziwazi.

"Alhamisi nitampeleka," ananiambia hatimaye. "Akitoka hospitali, narudi mferejini. Mguu wake tumeuchelewa. Labda tutauwahi wa mwingine."