Amesema Siku Gani?

Mume wangu anataka turudi Uingereza. Si London, hapana. Ni kile kimji cha gulio la Alhamisi na vijiji vyake vya mawe, tulikoishi kabla ya kuhamia huku Virginia. Amechoka na foleni za kwenda kazini Arlington, na bosi wake wa zamani wa kule ana nafasi ya kazi. Kila jioni anavua viatu na kuanza: utulivu, kondoo, watu wastaarabu.

Wastaarabu! Ngoja niwaeleze huo ustaarabu.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja na nusu, na watu waliulizana habari za mvua kana kwamba ni ndugu yao mgonjwa. Gulioni waliuza jibini linalonuka soksi, tena kwa majivuno. Mume wangu alishinda kazini, mimi nikashinda na kuta. Mtu pekee wa kusema naye alikuwa mwenye duka, na yeye ni kushukuru tu, asante tano kwa kitunguu kimoja.

Basi kulikuwa na bibi mmoja wa kijiji cha jirani aliyeuza jamu gulioni. Kila Alhamisi alinishika mkono: "Lazima uje kwangu tunywe chai!" Akanielekeza mpaka nyumba, ile yenye mlango wa buluu, mkabala na kituo cha basi. Mimi mtu wa Tanga, nikiambiwa njoo, nakuja. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa na hamu ya rafiki. Nikakaanga maandazi ya iliki, nikavaa gauni langu la Idi, nikapanda basi.

Alifungua mlango nusu. "Oh, how lovely!" Akayapokea maandazi, akashukuru, akashukuru tena, akafunga mlango. Nikabaki pale nikidhani anatoa mnyororo wa mlango anifungulie.

Basi la kurudi lilikuwa la jioni. Nikakaa kituoni, mvua inaninyeshea, nikimtazama dirishani anakunywa chai na maandazi yangu. Macho yetu yalipokutana akanipungia mkono, kwa bashasha kabisa. Nililia kwa hasira, na kwa aibu ya lile gauni.

Muuguzi mmoja Mkenya, mwenyeji wa siku nyingi kule, nilipomsimulia alinicheka mpaka akakaa chini. "Wee dada, kwani alikuambia siku gani? Hawa wasipotaja siku, hujaalikwa. Hiyo ni salamu tu."

Huku Virginia, hapa mtaani kwetu Annandale, jirani yangu Mkongo hajawahi kunialika. Anagonga mlango kwa kiwiko, sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, mikononi, anaingia, anakaa, analisema pazia langu. Ana kelele, hajui kuaga, na simbadilishi kwa kijiji kizima chenye maua madirishani.

Juzi mume wangu aliingia jikoni na simu mkononi, meno yote nje.

"Bosi kapiga! Kasema lazima tufikie kwao, tukae mpaka tupate nyumba. Umewaona watu wenyewe?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Sikuinua hata uso.

"Amesema siku gani?"

Meno yakarudi ndani. Akaitazama simu, akasema atampigia tena amuulize. Mchicha uliiva akiwa bado ameishika.